Kipaji Kisioze Dawati la Nyuma

Kila mwaka yatokapo matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, twaona jambo lile lile likirudia. Majina ya watoto waliochaguliwa kwenda shule za vipaji maalum hubandikwa ukutani, wazazi hupigiana simu, mwalimu mkuu hupewa mkono wa hongera, nasi wengine hurudi majumbani tukiamini kwamba taifa limekwisha kuwatafuta watoto wake wenye akili na limewapata. Ilboru imepata wake, Mzumbe na Kibaha zimepata wao, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana vivyo hivyo, Kilakala na Msalato pia. Shule hizo ni za sifa, lakini zahesabika kwa vidole. Nani anauliza habari za mtoto aliyebaki kijijini?

Mimi nauliza. Kazi ya chama hunipeleka kata kwa kata, na kabla ya kazi ya chama nilisomea ualimu. Macho ya mwalimu hayafumbi hata yakivaa kofia ya chama. Chuoni tulifundishwa namna ya kumsaidia mtoto asiyeona, mtoto asiyesikia na mtoto achelewaye kuelewa, na hilo lilikuwa jema sana. Juu ya mtoto aelewaye kabla mwalimu hajamaliza kusema, tuliambiwa kwa kifupi kwamba yupo, kisha tukafunua ukurasa mwingine.

Basi mtazameni mtoto huyo, ndugu zangu. Yuko darasa la nne. Darasa lina watoto 90, mwalimu ni mmoja, madawati hayatoshi. Hesabu kumi zimeandikwa ubaoni. Wenziwe wangali wanapiga mstari na kuandika tarehe, yeye amekwisha. Kipindi ni cha dakika 40, na zimebaki 30. Afanye nini? Kama ni mchangamfu ataanza kuongea na jirani, atachora gari nyuma ya daftari, atauliza swali ambalo halimo katika kitabu, na mwalimu aliyechoka atamwita mtukutu na kumpa viboko viwili. Kama ni mpole atafanywa monita. Ataandika majina ya wapiga kelele, atakusanya madaftari, na siku mwalimu akiwa na safari ya kufuata mshahara mjini, yeye ndiye atakayenakili somo kutoka kitabuni hadi ubaoni ili wenziwe wanakili kutoka ubaoni hadi madaftarini. Kwa miaka saba anajifunza kwamba akili ni kitu cha kumpunguzia mwalimu kazi.

Msichana hupata shida zaidi. Kwa kuwa ni mwerevu na mwaminifu, yeye ndiye hutumwa maji ya walimu, yeye ndiye hupelekwa kuwatuliza watoto wa darasa la kwanza, na akirudi nyumbani wadogo zake na vyombo vinamngoja. Afikapo darasa la saba alama zake ni za katikati. Hakuna amliliaye, maana hapana aliyejua kwamba palikuwa na kitu cha kupotea.

Jambo hili latokea kila siku, katika shule ambazo sisi wenyewe tulizijenga kwa matofali na michango yetu.

Wako ndugu zetu ndani ya chama watakaosema kwamba habari za watoto wenye vipaji ni habari za kutafuta matabaka. Watasema: tulipigania elimu kwa wote, sasa wewe wataka tuwagawe watoto, hawa wenye akili huku na hawa wajinga kule? Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu mtu aisemaye mara nyingi ni mtu mwenye moyo safi. Lakini haki siyo kuwapa watoto wote kiatu cha namba moja. Mwenye mguu mdogo kitampwaya na mwenye mguu mkubwa kitamtoa malengelenge. Tena hoja hiyo yasahau kwamba mtoto wa mwenye fedha hangoji mpango wa shule. Baba yake humwajiri mwalimu wa jioni, humnunulia vitabu, na akiona shule haifai humhamisha. Tukikataa kumhudumia mtoto mwenye kipaji katika shule ya umma, hatujazuia matabaka. Tumeyapa matabaka kazi ya kuchagua nani kipaji chake kikue. Atakayebaki bila msaada ni mtoto wa mkulima, wa mvuvi, wa mama muuza vitumbua.

Hata wakoloni walikuwa na mpango wao wa watoto teule. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili hasa ya watoto na jamaa za machifu, kwa kuwa Mwingereza alitaka watawala wa chini wajuao kuandika hesabu zake. Kipimo chao kilikuwa ukoo. Sisi tuliondoa kipimo cha ukoo, na ilikuwa haki kabisa kukiondoa. Lakini yafaa tujihoji kama hatujaweka mahali pake kipimo cha mfuko wa baba.

Na tuangalie mfano tunaoujua sote. Mwalimu Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa kijana wa miaka 12 hivi. Alianza amechelewa, kwa desturi ya leo. Baada ya miezi michache walimu wake waliona kwamba darasa alilomo halimtoshi, wakamrusha darasa. Mwaka 1937 alikuwa Tabora. Hakikufanywa kitu kikubwa: hapakuwa na jengo jipya, hapakuwa na fedha za wafadhili. Palikuwa na mwalimu aliyetazama, akapima, akaamua. Kama mwalimu yule angesema kila mtoto angoje zamu yake, kijana wa Kizanaki angeendelea kuketi akirudia herufi alizokwisha kuzijua, na hatujui angechoka lini.

Mfano wa pili ni wa Erasto Mpemba, na huu wapaswa kusimuliwa katika kila chuo cha ualimu nchini. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja Mpemba aliona kwamba akingoja, nafasi ya mwisho jokofuni itachukuliwa, akayaweka maziwa yake yangali moto. Mwenzake alikuwa ameweka yake bila kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu wakafungua, wakakuta ya Mpemba yameganda na ya mwenzake bado. Akamwuliza mwalimu wa fizikia sababu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa tu, haiwezekani. Akaendelea na swali lake hata alipofika Mkwawa, Iringa, na huko nako akachekwa, swali lake likafanywa mzaha wa darasa. Alipokuja mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akainuka akauliza tena mbele ya watu, wenziwe wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaamuru jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Tangu hapo jambo hilo limebeba jina la Mpemba katika vitabu vya dunia nzima. Wataalam hata leo hubishana kama latokea kweli na kwa nini, na ubishi wao ndio heshima yenyewe: swali la mtoto wa Magamba limewashughulisha maprofesa kwa zaidi ya nusu karne.

Tuzingatie kwamba Mpemba hakuwa mtoto aliyefichika. Alikuwa tayari sekondari, wakati ambapo wachache mno walifika huko. Alichokosa kwa miaka yote ile kilikuwa mtu mmoja wa kusema: jambo hilo hebu tulijaribu. Je, wangapi waliuliza mara moja, wakachekwa, wakanyamaza mpaka leo?

Ndiyo maana nasema mtihani peke yake hautatuletea watoto hawa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu na kusiliba kiduara kwa penseli. Sina ugomvi nao kama njia ya kusahihisha kazi za watoto zaidi ya milioni moja kwa haraka. Lakini kiduara hakiwezi kumwona mtoto aliyetengeneza pampu kwa mabomba ya plastiki, wala yule atungaye mashairi, wala yule aliyepata njia yake mwenyewe ya kugawanya ambayo haimo kitabuni. Chamwona zaidi mtoto aliyefanyishwa mitihani ya majaribio kila juma, na mtoto huyo aghalabu ni wa mjini.

Wamarekani walijaribu kuyatafuta makubwa kwa kipimo kimoja. Kuanzia mwaka 1921 Lewis Terman alikusanya katika jimbo la California watoto wapatao 1,500 waliopata alama za juu katika jaribio la akili, akawafuatilia maisha yao yote. Wengi wao walifanya kazi nzuri. Lakini William Shockley na Luis Alvarez, ambao nao walipimwa wakiwa watoto, waliachwa nje kwa kukosa alama. Shockley alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, na Alvarez mwaka 1968. (Shockley huyo baadaye alieneza maneno machafu juu ya akili za watu weusi, simtaji kumsifu. Nadhani yafaa kukumbuka kwamba kipimo alichokitumia kutudharau ndicho kilichomkataa yeye mwenyewe.)

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Wengine walinung'unika. Mimi sikunung'unika. Kumpiga picha mtoto gazetini siku ya matokeo siyo kumlea.

Sasa tufanye nini? Nitasema yale ambayo shule ya kata yoyote yaweza kuyaanza muhula ujao, maana nimechoka na mipango inayongoja wafadhili.

Kazi ya kwanza ni kutazama, na kutazama kuanze darasa la pili au la tatu, siyo la saba. Kila mwalimu awe na daftari moja dogo, na ndani yake aandike anayoyaona: nani aliuliza nini, nani alimaliza mapema na akafanya nini baadaye, nani ajua majina ya miti yote ya mlimani, nani hutengeneza vitu, nani husimulia hadithi hata wenziwe wakasahau kucheza. Wazazi nao waulizwe, na hasa bibi, kwa kuwa bibi huwaona watoto wakati sisi hatuwaoni. Mwisho wa muhula walimu wakae pamoja walinganishe madaftari yao. Mtoto atakayetajwa na walimu watatu, hata kama alama zake ni mbaya, huyo atafutwe. Nasema hata kama alama zake ni mbaya, kwa sababu mtoto mwenye kipaji aliyechoshwa na darasa mara nyingi huacha kabisa kuandika.

Kisha apewe kazi inayolingana naye. Hapa watu hudhani yahitajika shule nyingine, na kumbe mara nyingi yahitajika mlango wa pili tu. Mtoto wa darasa la nne aliye hodari wa hesabu, wakati wa kipindi cha hesabu aingie darasa la sita, kipindi kikiisha arudi kwa wenziwe. Ratiba ipangwe hesabu ziwe saa moja kwa madarasa yote, na jambo hilo halina gharama isipokuwa mwalimu wa taaluma kuketi na rula na penseli jioni moja. Na mtoto ambaye darasa zima halimtoshi, kwa masomo yote, arushwe darasa kama Mwisenge ilivyofanya. Wengi huogopa kwamba mtoto akichanganywa na wakubwa ataharibika tabia. Taarifa ya Chuo Kikuu cha Iowa ya mwaka 2004, iliyokusanya utafiti wa miaka mingi wa Marekani, ilionyesha kwamba watoto waliochaguliwa kwa uangalifu wakasogezwa mbele walifaulu vema, na kwamba hofu ya kuharibika haikuthibitika. Sharti achaguliwe kwa uangalifu, mzazi akubali, na mtoto mwenyewe aulizwe. Mtoto asirushwe ili mwalimu mkuu apate sifa.

Wale wasiohitaji kurushwa wapewe kina badala ya wingi. Mwalimu asimpe mtoto aliyemaliza hesabu kumi hesabu nyingine kumi za namna ile ile. Hiyo ni adhabu. Ampe moja ngumu. Amwambie apime kivuli cha mwembe wa shule kwa juma zima, kisha aeleze urefu wa mwembe. Amwambie ahesabu maji yapoteayo bombani kwa mwezi, na kamati ya shule ipelekewe jibu.

Na hapa nataka nitaje jambo lililofanywa Siberia, kwa kuwa Siberia nako watu wako mbalimbali na barabara ni ndefu. Mwaka 1962 wanasayansi wa mji mpya wa wataalam karibu na Novosibirsk walitaka kuwapata watoto wenye akili za hesabu na fizikia katika nchi yote ile pana. Hawakungoja watoto waje mjini. Maswali yalichapwa magazetini, na mtoto yeyote wa kijiji chochote aliweza kuyajibu nyumbani kwa muda wake na kutuma jibu kwa posta. Waliojibu vizuri waliitwa kwa raundi ya pili, na waliofaulu waliletwa katika kambi ya likizo wakasoma na wanasayansi wenyewe. Mwezi Januari 1963 shule ya bweni ikafunguliwa kwa ajili yao, na ipo hata leo. Maswali yale hayakuwa ya kukariri. Mtoto aliyekuwa na kitabu kimoja aliweza kuyafikiria sawa na mtoto aliyekuwa na vitabu mia.

Kwa nini sisi tushindwe? Gazeti kama hili hufika matawini. Swali moja la hesabu na moja la sayansi kila juma, kwa Kiswahili, hayahitaji nafasi kubwa kuliko tangazo la sabuni. Tawi lenye simu laweza kupokea majibu ya watoto na kuyapeleka wilayani. Nasisitiza kwa Kiswahili, kwa kuwa watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kufika kidato cha kwanza wakakuta lugha imegeuka Kiingereza, na mtoto aliyekuwa akiuliza maswali matano kwa siku hunyamaza mwaka mzima akitafuta maneno. Walimu hudhani akili zake zimekwisha. Akili zingalipo, zimefungiwa nje ya mlango.

Juu ya shule za vipaji maalum sitaki zivunjwe. Nataka zifanye kazi zaidi. Maabara za shule hizo, maktaba zao na walimu wao hukaa kimya wakati wa likizo. Watoto wa shule za kata za jirani, wale walioandikwa katika madaftari ya walimu, waingie humo majuma mawili kila likizo. Na wanafunzi wa shule hizo wanapokwenda kwao wapewe wajibu wa kufundisha kundi la watoto wa kijiji chao, siyo kuzunguka na sare zao tu.

Lazima nionye juu ya jambo moja. Mpango huu ukiachwa bila ulinzi utageuzwa biashara. Patatokea mwalimu atakayesema kundi la watoto wenye vipaji hukutana jioni kwa shilingi elfu mbili, na mara kundi litajaa watoto wenye elfu mbili. Ada za sekondari za umma zilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Haina maana kufuta ada mlango wa mbele na kuirudisha dirishani. Kundi likutane ndani ya saa za shule, bila malipo, na kamati ya shule ipewe orodha ya watoto pamoja na sababu ya kila mmoja kuwamo.

Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960 alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe chakula. Akila asirudi, amewasaliti. Twapenda kuwakumbusha wasomi deni hilo, nami nawakumbusha. Lakini lipo deni jingine lililo mbele ya hilo. Mtoto aliyeketishwa miaka saba bila kazi ya kumtosha hajapewa chakula na kijiji, na hatuwezi kumdai.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Maana yake watoto watakaa mikononi mwetu muda mrefu kuliko zamani, na mtoto aliyechoka darasa la tatu atakuwa na miaka mingi zaidi ya kuchoka. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa matawi: katika mkutano ujao wa kamati ya shule, mkiisha kuzungumza vyoo na madawati, mwulizeni mwalimu mkuu awatajie watoto watatu wa darasa la tatu wanaomaliza kazi kabla ya wenziwe, na awaeleze wamepewa kazi gani nyingine. Akiweza kuwataja, mpeni mkono, mwulize anahitaji nini, mkaanze kukitafuta siku ile ile. Akishindwa, msimgombeze, ana watoto 90 katika kila chumba. Mnunulieni madaftari madogo, moja kwa kila mwalimu, na mrudi mwisho wa muhula kuyasoma pamoja naye.